Bolti za flaiwili hazifunguliwi kwa tindo

Mhariri,

Masika yakishika Tabora, gereji hujaa magari yaliyounguza klachi. Lori limenasa kwenye tope la mbuga huko Urambo au Kaliua, dereva kakanyaga klachi nusu huku injini inaunguruma, na joto lote limeishia kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini linalobanwa na klachi. Ikishushwa giaboksi unakuta uso wake una madoa ya bluu na nyufa nyembamba kama nywele. Kubadili klachi pleti peke yake hakutoshi. Flaiwili nayo itoke ikachongwe. Bolti zikigoma, hutolewa tindo na nyundo. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuipinge desturi hiyo.

Kwanza, wanaosema bolti zimeshika kutu mara nyingi wanakosea. Flaiwili imefunikwa na nyumba ya giaboksi, maji hayaifikii kirahisi. Kinachozishika bolti ni mkazo wa kiwandani na gundi inayopakwa kwenye nyuzi za bolti, ambayo hutiwa kwa sababu kwenye injini nyingi matundu ya krenki (mhimili wa injini ambako flaiwili hufungwa) yametoboka hadi kwenye oili. Ndiyo maana kumwagia mafuta ya taa na kusubiri hadi kesho hakusaidii kitu. Gundi hiyo haiyeyuki kwa mafuta ya taa.

Tindo nalo linapanua kichwa cha bolti, soketi haikai tena, na kila linapoteleza linachubua flaiwili. Bolti moja ngumu imegeuka kuwa bolti iliyoharibika.

Kazi yenyewe iko kwenye kuizuia flaiwili isizunguke. Bisibisi iliyokwamishwa kwenye meno ya ringi gia, yaliyo ukingoni mwa flaiwili, na kuegemezwa kwenye nyumba ya aluminiamu huvunja jino, au hupasua nyumba. Wengine humtuma saidia fundi akaishikilie krenki kwa mbele, kwenye bolti ya puli (gurudumu la mkanda). Hebu fuateni mzunguko wenyewe: ukifungua bolti za flaiwili kwa nyuma, krenki inataka kuzunguka kwa mwendo wa saa ukiitazama kwa mbele. Anayeizuia lazima avute kinyume cha saa, na kwenye injini nyingi huko ndiko kuifungua bolti ya puli. Utamaliza nyuma uanze kazi mpya mbele.

Dawa ni kipande cha chuma bapa chenye unene wa milimita 6 hivi, kitobolewe matundu mawili. Tundu moja lifungwe kwa bolti penye tundu la kifuniko cha klachi kwenye flaiwili, la pili penye tundu la kufungia giaboksi kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Kikae upande ambao kitavutwa, kisikunjwe. Fundi wa kuchomelea anakitengeneza kwa dakika chache, na kinabaki gerejini miaka.

Kisha soketi. Vichwa vya bolti hizi ni vifupi, na soketi nyingi zina mdomo uliokatwa mshazari kwa ndani, kwa hiyo zinashika nusu tu ya kichwa. Sagani mdomo uwe bapa hadi mshazari uishe. Kichwa cha pembe sita kitafutiwe soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili ni ya bolti zake. Kama kichwa kina tundu la alenki (spana ya pembe sita inayoingia ndani ya kichwa), chokoa uchafu wote kwanza.

Kabla ya kuvuta, weka kipande cha shaba juu ya kichwa na ugonge mara tatu au nne, kwa nguvu, moja kwa moja kuelekea krenki. Mtikisiko huo huvunja mshiko wa gundi. Halafu mpini mrefu, uvutwe taratibu. Mkono ukisukuma kwa uzito wa kilo 20 kwenye mwisho wa paipu ya mita moja, bolti inapata nyutonimita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 200 hivi, na hiyo kwa kawaida inaitosha bolti ya gari dogo. Mtu wa kilo 70 akipanda juu ya paipu hiyohiyo anafikisha karibu 700, na bolti ya milimita 10 au 12 itakatika.

Ikikataa bado, ni gundi kali, ile nyekundu. Hiyo inahitaji joto, kama nyuzi 250 za Selsiasi. Ondoa vumbi la klachi kwa kitambaa kibichi, usilipulize kwa kompresa kwani huenda lina asbesto, madini yanayodhuru mapafu. Hakikisha hakuna petroli au dizeli inayovuja karibu. Elekeza moto mdogo kwenye kichwa cha bolti peke yake, kisha fungua ikiwa bado ya moto. Sili ya nyuma ya krenki, inayozuia oili isivuje, iko hapohapo na haipendi joto, hivyo nunua mpya kabisa kabla ya kuwasha moto.

Kichwa kilichokwishalika kichomelewe nati juu yake, kwa ndani ya nati. Tenganisha betri, na waya wa arthi wa mashine ufungwe kwenye flaiwili yenyewe. Ukifungwa kwenye bloku, umeme utapita kwenye bearingi za krenki na kuziachia vidonda. Hilo mafundi wengi hawaliangalii, halafu injini ikianza kugonga lawama anapewa aliyeuza oili.

Kabla ya kutoa bolti ya mwisho, piga alama kwenye flaiwili na krenki, kwani baadhi zina mkao mmoja tu. Bolti hiyo ilegezwe bila kutolewa hadi mtu wa pili ashike. Flaiwili ya gari dogo inaweza kufika kilo 10, ya lori inazidi mbali, na inadondoka bila taarifa.

Wakati wa kurudisha, safisha gundi ya zamani kwenye matundu. Tundu lisilotoboka likibaki na oili chini, bolti itaibana ile oili na kukudanganya kuwa imekaza. Kaza kwa msalaba, awamu tatu, kwa toki renchi (spana yenye kipimo cha mkazo) na kipimo cha injini husika. Zile zinazokazwa kwa kipimo kisha kuongezwa mzunguko wa nyuzi 90 zimekwishavutika: mwenye gari adai mpya, na za zamani akabidhiwe mkononi.

Mafundi makenika,
Tabora.