Wanafunzi wa kuzamia wapunguziwe risasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaofundisha kuzamia kwa mtungi hapa Tanga, hasa wanaopeleka wanafunzi wapya visiwa vya Yambe na Karange.

Tuache kuwajaza watu risasi, yaani vile vipande vizito vya madini ya risasi vya kumzamisha mzamiaji. Mwanafunzi ana hofu, amejaza kifua pumzi, hashuki. Mwalimu kwa haraka zake anamwongezea vipande viwili kwenye mkanda. Anashuka kweli! Huko chini anapigishwa magoti mstari mmoja na wenzake, anajifunza kutoa maji kwenye miwani, anapewa cheti. Kuelea, yaani kutulia katikati ya maji bila kuzama wala kupaa, hajafundishwa.

Risasi ya ziada inamlazimu ajaze hewa kwenye jaketi lake la kuelea. Hewa inamvuta mabega juu, risasi inamvuta kiuno chini, basi anakwenda nusu kasimama, miguu inaning'inia. Kila akipiga pezi anatifua tope au anavunja tumbawe, na matumbawe yale ya mviringo huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka. Mtungi nao unamwishia mapema. Baruti ya kuvulia samaki tumeipigia kelele miaka mingi, na ni haki yetu; goti na pezi hakuna anayeyataja.

Uzito upimwe. Mtungi ukibaki na baa 50 hivi (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), jaketi tupu, mwanafunzi akae wima majini na pumzi ya kawaida kifuani: maji yamfike usawa wa macho, na akitoa pumzi azame taratibu. Tunapima mtungi ukikaribia kwisha kwa sababu hewa nayo ina uzito. Mtungi wa lita 12 wenye baa 200 umebeba hewa ya karibu kilo 3, kwa hiyo mzamiaji anakuwa mwepesi mwishoni, wakati ule ule anapotakiwa kutulia mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kutoka.

Baada ya hapo ni mapafu. Juzi nilimlaza binti mmoja wa Chumbageni kifudifudi juu ya mchanga, ncha za mapezi zikigusa chini. Akavuta pumzi, mwili haukujibu. Akadhani haitoshi, akavuta nyingine, mara akafyatuka juu nikamdaka mkono. Mwili huchelewa sekunde kadhaa kuifuata pumzi, na hilo halieleweki ubaoni. Alipojua kusubiri, alivuta polepole, kifua kikanyanyuka, akaanza kuitoa kabla hajapaa. Muda si mrefu alikuwa juu ya majani ya bahari, mikono ameikunja, samaki tasi wanakula chini ya kidevu chake. Miguu ilipoanza kuzama nilihamisha vipande viwili kutoka kiunoni hadi kwenye mkanda wa mtungi, karibu na mabega. Basi.

Najua mtaniambia wageni wana haraka na mafuta ya boti ni ghali. Wengine wanakuja wakitaka silikanti, samaki anayeishi mita mia na zaidi chini, wakati mwanafunzi wa mwanzo mwisho wake ni mita 18! Wapelekeni mchangani kwanza, siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, si bamvua.

Na wenye hifadhi yetu ya bahari, iliyopo tangu 2009, wanapopokea ada wangemuuliza kila mwalimu swali moja tu: hawa uliokuja nao umewapima uzito?

Mwalimu wa kuzamia,
Mwambani, Tanga