Hiyo "wa" mliyoongeza kwenye ukuta wa Coventry

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu kanisa la Coventry, Uingereza, nimeisoma mara mbili na mwandishi nampa hongera zake, ila kuna vitu viwili vimenikaa kooni, kimoja kidogo na kingine sio kidogo kabisa.

Hicho kidogo ni picha. Mmeweka mnara uliokatika juu halafu chini mkaandika Coventry. Huo ni wa Berlin jamani, kanisa la Kaiser Wilhelm, lilipigwa na ndege za Waingereza Novemba 1943, na watu wa Berlin wenyewe wanauita jino lenye tundu, ukiuangalia vizuri utaona hawajakosea. Mnara wa Coventry haukuanguka. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 Wajerumani walimwaga mabomu masaa kama 11 hivi, watu zaidi ya 500 wakafa pale mjini, Kanisa Kuu la Mtakatifu Mikaeli likaungua mpaka paa lote likashuka chini, lakini kulivyokucha mnara umesimama vilevile na kuta za nje zipo, katikati vifusi vinafuka moshi.

Sasa hicho kikubwa. Mmeandika kwamba nyuma ya altare ya kwenye magofu pamechongwa "Baba, uwasamehe". Hapana. Pamechongwa maneno mawili tu, Baba samehe, basi, hakuna "wa" pale. Na naelewa ilivyotokea, mtu yeyote aliyekulia kanisani ulimi unakimbilia wenyewe Luka 23, "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo", halafu Kiswahili chetu nacho hakipendi kusamehe bila kutaja anayesamehewa, kitenzi kinabaki kinaning'inia tu. Ila kuning'inia huko ndo makusudi yenyewe. Richard Howard, aliyekuwa kiongozi wa kanisa lile, kanisa lake limekuwa majivu, waumini wake wanazika ndugu zao, hivi nani angemlaumu angeandika "wao"? Hakuandika. Na Krismasi ya mwaka huohuo akasema redioni kutoka palepale kwenye magofu kwamba vita vikiisha watajenga dunia yenye huruma zaidi pamoja na hao hao maadui, na hapo mwaka 1940 hakuna aliyejua kama Uingereza itashinda au itamezwa.

Mwandishi wenu akitaka ushahidi aangalie sala ya upatanisho ya pale, ya mwaka 1958, wanaisali mpaka leo Ijumaa saa sita mchana. Inataja chuki ya taifa kwa taifa, rangi kwa rangi, tabaka kwa tabaka, inataja uroho unaonyonya jasho la watu, inataja kutowajali wafungwa na wakimbizi, na kila mstari ukiisha watu wanajibu Baba samehe. Hakuna Hitler humo, hakuna Mjerumani. Weka "uwasamehe" kila mstari uone, anayesali anakuwa yeye ndo msafi na wenye dhambi wote wako ng'ambo ya bahari.

Maana Februari 1945 Waingereza na Wamarekani waliichoma Dresden, mji wa Ujerumani, watu kama 25,000 wakafa. Mwaka 1965 vijana wakatoka Coventry wakaenda Dresden kusaidia kujenga hospitali iliyobomolewa na mabomu hayo. Mi nadhani watu waliozoea kusali "uwasamehe" wasingefunga safari hiyo, wangeona hawana deni.

Halafu mmeharakisha sana ule msalaba wa mbao, mstari mmoja tu. Mafundi huwa hawatajwi, kwaiyo mi namtaja, Jock Forbes, fundi mawe wa kanisa, aliona boriti mbili za paa zimeanguka zimekatizana, nyeusi zimeungua, akazifunga pamoja akazisimamisha. Altare yenyewe waliijenga kwa mawe ya kifusi. Ule msalaba wa asili siku hizi umehifadhiwa ndani ya kanisa jipya lililochorwa na msanifu Basil Spence, lililofunguliwa 1962, ambalo halikujengwa juu ya lile la zamani kama mlivyosema bali ubavuni, na ukuta wake wa upande huo ni kioo kitupu kilichochorwa watakatifu na malaika, kwaiyo ukiwa ndani ukigeuka unayaona magofu yanalowa mvua kupitia katikati ya malaika.

Padri mwingine, Arthur Wales, aliokota misumari mitatu ya zamani ya lile paa akaunga msalaba, na misalaba ya namna hiyo ikaja kutolewa Kiel, Dresden, na Berlin pia, kwenye kanisa hilohilo la jino lenye tundu. Kwaiyo mhariri picha mnaweza hata kuiacha, rekebisheni maelezo ya chini tu. Ila hiyo "wa" itoeni.

Msomaji wenu wa siku nyingi