Mjomba, uliniuliza ni maji gani nimesafisha

Kwa mjomba wangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi, na baada ya kukuulizia goti, wabaadu.

Siku ya hitima ya bibi, watu walipokwisha kutawanyika, uliniita barazani ukaniuliza kwa sauti ya chini, wasisikie wengine: “Mwanangu, miaka yote hii, ni maji gani hasa umesafisha?” Nilifungua kinywa nikakifunga. Kikapita kisahani cha kaimati, mazungumzo yakahamia kwengine, nami nikashukuru. Lakini swali lako nimelala nalo tangu usiku ule. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu ulimi wangu mbele yako huwa mzito. Na nakujibu hadharani kwa sababu wanafunzi wangu nao huniuliza hivyo hivyo, ila wao huuliza wakiyawazia maisha yao ya mbele.

Jibu ni hili: mimi ninayetafiti namna ya kusafisha maji taka ya viwanda kwa mwani, katika maji ya hori la Tudor, hapa kwetu Mombasa, sijasafisha hata kata moja. Sikutaka uusikie ukweli huo kwa mtu mwingine. Sasa nipe nafasi nikueleze miaka ilikwenda wapi.

Nilikuwa darasa la sita. Ulinichukua kwenye mtumbwi wako tukaelekea upande wa Mikindani, maji yanatoka. Uliuvuta wavu, ukanusa, ukanizuia mkono nisiguse. Mkizi wanne walikuwa wamelala ubavu, wamekufa kabla hawajafika juu, na nyuzi za wavu zimeshika utando mweusi uliometameta rangi rangi juani. Uliufua wavu ule kwa sabuni ya mche siku mbili mfululizo. Mama karanga wako, yule anayekununulia samaki wa kukaanga, akaja, akanusa, akaondoka na beseni lake tupu. Karo yangu ya muhula ilikuwa itoke kwenye wavu ule, na ulikwenda kuikopa, nilijua. Lakini siku ile kuna kitu kingine nilikiona. Juu ya mawe, kwenye mdomo wa mfereji ulioshuka kutoka viwandani, palikuwa na utelezi wa kijani umestawi, umenona, mahali ambapo kila kitu kingine kilikuwa kimekufa. Nikajiuliza, huu unakula nini? Mjomba, hadi leo nauliza swali lile lile.

Utelezi ule ulikuwa mwani. Nikisema mwani, watu hufikiria ule wa Gazi na Kibuyuni, ambao akina mama huufunga kwenye kamba. Huu wangu, chembe moja moja, hauonekani kwa macho. Chembe moja ya klorela, mojawapo ya aina za mwani huu, ina upana wa kiasi cha mikromita 5. Zipange 200 kwa mstari ndipo upate milimita moja. Aliyeitenga kwanza na kuieleza ni Mholanzi, Martinus Beijerinck, mwaka 1890, wakati huo akiwa mwajiriwa wa kiwanda cha hamira na pombe mjini Delft. Nilipokuwa Uholanzi kwa masomo ya uzamivu, nilipanda treni Jumamosi moja kwenda Delft, kuutembea mji tu. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Lakini nilifarijika kujua kwamba kazi hii ilianzia mikononi mwa mtu aliyelipwa mshahara na kiwanda, maana mimi huku nyumbani nilikuwa nimezoea kuviona viwanda kuwa maadui na basi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Maji taka ya kiwanda cha chakula, tuseme, yamejaa uchafu unaooza. Bakteria huula uchafu huo, lakini wakila huvuta pumzi, na oksijeni ikiisha majini ndipo samaki hulala ubavu kama wale mkizi. Mitambo ya kawaida ya kusafisha maji hupuliza hewa usiku na mchana kwa umeme, na bili ya umeme unaijua. Mwani huitoa oksijeni ile ile kwa nguvu za jua. Bakteria nao wakipumua hutoa hewa ukaa, mwani ukaila, na juu ya hapo ukafyonza amonia na fosfeti, ambazo zikiachwa kuingia baharini hurutubisha maji kupita kiasi mpaka yanachacha. William Oswald na wenzake kule California walilichunguza jambo hili kwa kina katika miaka ya 1950, wakatengeneza mabwawa ya kina kifupi, yasiyofika hata magotini, yenye gurudumu la makasia linalozungusha maji polepole. Si uchawi wala si jambo la jana. Hata wale heroe wa Ziwa Nakuru wanaishi kwa kiumbe kidogo wa namna hiyo, spirulina, na wekundu wa manyoya yao watoka humo.

Utaniambia: kama wenzako wamelijua tangu miaka ya 1950, wewe wafanya nini?

Vitabu vyote nilivyosomea vilisema maji taka yakiwa makali mno, yapunguze makali kwa maji safi, mara tatu, mara tano. Viliandikwa na watu ambao kwao maji safi ni kufungua bomba. Mimi nimekulia Mombasa, mji unaongoja maji yatoke chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200, na visima vya Baricho. Nimekulia kwa mitungi ya lita 20 na mkokoteni wa muuza maji. Nimwage mitungi mitano ya maji ya kunywa nisafishe mtungi mmoja wa kiwanda? Ningesimama vipi mbele ya mamangu nikalieleza hilo? Nilirudi kutoka Ulaya na shahada yangu, na kwa miezi mingi nikawa sina raha, kwa sababu nilichosomea hakikuwa na mahali pa kukaa katika mji wetu. Kisha siku moja nimekaa kwenye feri ya Likoni, maji pande zote, nikaandika kwenye daftari maneno mawili: maji chumvi. Bahari iko hapa. Makali tuyapunguze kwa maji ya bahari, na tutafute mwani unaovumilia chumvi.

Klorela ya maji baridi niliyoizoea miaka sita nikaiweka kando, na si rahisi, mjomba, kuacha kitu kilichokupa jina. Nikaanza na tetraselmisi, mwani wa maji chumvi ambao wenye kutotoa kamba wa baharini huukuza kwa ajili ya chakula cha vifaranga. Ina mikia minne na huogelea, na ukiacha kukoroga, nyingi hutua chini. Ilinichukua mwaka mzima kujua lishe yake. Mwani una kipimo chake kama wali wa nazi ulivyo na kipimo: kwa kawaida, kwa kila atomu 1 ya fosforasi hutaka kiasi cha 16 za nitrojeni na 106 za kaboni. Maji ya kiwanda cha samaki yana nitrojeni tele. Maji ya kutilia nguo rangi yana upungufu wa fosforasi, na juu ya hayo rangi yenyewe huzuia jua, mwani ukakaa gizani na njaa. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema mwani husafisha maji ya viwanda, namuuliza, kiwanda gani?

Nikuonyeshe siku moja tu. Mwezi wa Aprili, masika yameanza, tulikuwa na tangi la lita 200 nyuma ya maabara, limeshika kijani kizuri kama kisamvu kibichi. Wiki ya kumi na moja. Vipimo vya amonia vilikuwa vinashuka kila baada ya siku mbili, mpaka nikaanza kuandika makala kichwani. Alhamisi asubuhi nikaliona tangi limepauka. Ijumaa likawa la kahawia. Nilichota tone, nikaliweka chini ya hadubini. Walikuwa rotifa, wadudu wa kiasi cha robo ya milimita, kichwani wana vinyweleo vinavyozunguka kama gurudumu na kuvuta maji kinywani. Kila mmoja tumbo lake kijani. Niliwaona wakimeza tetraselmisi moja baada ya nyingine, na wengine wanaburuta mayai nyuma yao. Mwanafunzi wangu wa uzamili aliangalia, akaenda akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, asiseme kitu. Shahada yake ilikuwa ndani ya tangi lile.

Wamefika vipi? Tulikuwa tumechota maji ya bahari ukingoni, kwenye mikoko, kwa sababu ndipo tulipoweza kufika kwa miguu. Maji ya pale yamejaa viumbe hivyo. Nimeliandika kosa hilo daftarini kwa kalamu nyekundu na kila mwanafunzi mpya humwonyesha. Lakini hakuna jarida lililolitaka. Vyeo vyetu hupandishwa kwa makala, na tangi lililoliwa na rotifa halihesabiki, hata kama limekufundisha kuliko yale mengine yote.

Kuna mengine mawili lazima nikwambie, usije ukanisifu kwa nisichokuwa nacho.

La kwanza ni kuvuna. Maji yakisha kuwa safi, mwani umo bado ndani yake, na ukiuacha utaoza na kuyachafua tena. Katika bwawa la wazi, lita 1,000 hutoa kama nusu kilo ya mwani mkavu, pengine pungufu. Kuitoa nusu kilo hiyo katika maji mengi hivyo ndiko kunakokula pesa, na miradi mingi mizuri imekwama hapo hapo. Ndiyo sababu naipenda tetraselmisi, inayotua chini yenyewe.

La pili ni zito. Uliniuliza siku nyingine kwa nini huo mwani nisiwape samaki wakala. Kwa maji ya kiwanda cha chakula, huenda inshallah. Lakini fikiria Owino Uhuru, kule Jomvu, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga madini ya risasi mpaka yakaingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru wakazi wale walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigania hilo miaka na miaka. Watu hunijia na kusema, si ungelipeleka mwani wako kule? Mjomba, mwani hauiozeshi risasi. Huishika tu kwenye ganda lake. Ukimaliza, maji yamekuwa nafuu na wewe umebaki na gunia la mwani lenye risasi, na gunia hilo lazima lihifadhiwe na mtu anayejua ni sumu. Mwenye kukwambia vinginevyo anakuuzia maneno. Uchafu wa namna ile dawa yake ni kuuzuia usitoke kiwandani hata siku moja.

Na hapo ndipo palipoliwa miaka yangu mingine. Getini. Kuna kiwanda kimoja, sitakitaja, nilipeleka barua ya kuomba sampuli ya maji yao nikangoja miezi saba. Nikija, askari huniambia meneja yuko mkutanoni. Sikosi kuwaelewa: wanafikiri nimekuja kuwashtaki. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa ule uchafu unaokula oksijeni, yaani BOD, na kiwanda kinachojijua kiko juu ya hapo hakitaki mgeni mwenye chupa. Nimejifunza kuingia kwa kusema nimekuja kuwapunguzia bili, na ni kweli, si hila. Mwaka huu kiwanda kingine, kidogo, cha samaki, kimekubali. Wametupa kipande cha uwanja nyuma ya ghala lao, upana wa chumba cha kulala. Fundi wa kuchomelea wa pale Majengo ametuundia gurudumu la makasia kwa vyuma chakavu, na mota yake ni ya mashine kuukuu ya kufulia. Bwawa lina kina cha sentimita 25. Likijaa litachukua maji yao ya siku moja, basi.

Hilo ndilo jibu langu, mjomba. Maji ya siku moja ya kiwanda kimoja kidogo, baada ya miaka kumi na minne. Yakitoka yakiwa masafi, yatakuwa ya kwanza.

Sasa nina ombi. Maji ya kuanzia bwawa lile siwezi tena kuchota kwenye mikoko. Nataka maji ya mkondoni, yale yanayoingia moja kwa moja kutoka bahari kuu, kabla hayajagusana na ya mto, nami nitayachuja kwa chekeche laini. Wanafunzi wangu wana ramani na vyombo, lakini hakuna anayejua kama wewe ni wapi hasa maji ya bahari hutangulia kuingia, na kwa muda gani hukaa safi kabla hayajachanganyika. Tangu tuta la Makupa liondolewe na daraja jipya kufunguliwa mwaka 2022, mikondo nayo imebadilika, na ulisema mwenyewe kwamba umeanza kuisoma upya.

Mwezi mpevu ni wiki ijayo. Bamvua, maji yatajaa kama saa kumi za jioni. Nitakuja saa nane na mitungi ishirini, na vijana wawili wa kubeba, usije ukalitumikisha lile goti. Mtumbwi tutaushusha majini sisi. Wewe kaa nyuma, utuonyeshe tu.

Ni mimi mwanao,
wa kwa dadako