Akina mama wa Katosi wanajenga matangi, zabuni wanapewa wengine

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Machi 22, Siku ya Maji Duniani, magazeti yetu hapa Uganda huchapa picha ileile: mama amejitwika jerikeni ya manjano, mtoto yuko mgongoni, njia imejaa vumbi. Picha yenyewe haina uongo. Jerikeni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na dada zangu wameibeba tangu utotoni. Kinachonikera ni kwamba mama huyohuyo akishika mwiko wa kujengea, kamera haimwoni.

Mimi ni mfanyabiashara wa mukene, hao dagaa wa Ziwa Victoria. Nanunua mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, Katosi, wilaya ya Mukono, mzigo unapakiwa kwenye lori hadi Arua, na Arua wateja wangu wa Kongo na Sudan Kusini wanaumaliza. Kwa hiyo mambo ya Katosi nayaona kama mpita njia anayerudi mara kwa mara, wala si mwenyeji. Huenda ndiyo maana nashangaa jambo ambalo wenyeji wamelizoea.

Mwaka 1996 wanawake wa pale walijikusanya kutafuta nafasi yao katika biashara ya samaki, wakati mila za ziwa zilikuwa bado zinamtenga mwanamke na mtumbwi. Kikundi kilikua, kikawa shirika linaloitwa Katosi Women Development Trust, chini ya uongozi wa Bi. Margaret Nakato, ambaye sauti yake imesikika hata katika jumuiya za kimataifa za wavuvi wadogo. Kutoka kwenye samaki wakaingia kwenye maji, na anayeijua kazi ya mwaloni hataona ajabu. Mitumbwi inarudi alfajiri. Aliyeko bondeni anasubiri zamu kwenye chemchemi saa hiyo hanunui samaki, na anayechota ziwani anarudi nyumbani na maji ya kichocho na homa ya matumbo, halafu mapato ya wiki yanaishia kwenye dawa. Mwaka 2012, kule Marseille, Ufaransa, shirika hilo lilipewa Tuzo Kuu ya Maji ya Kyoto kwenye Kongamano la Maji Duniani. Mtaani kwangu Arua habari hiyo hata haikufika.

Lakini tuzo si hoja yangu. Hoja yangu ni ufundi. Shirika hili liliwafundisha wanawake wenyewe kujenga: matangi ya maji ya mvua, vyoo, na vichujio vya mchanga. Mwenye kudhani hiyo ni kazi ya kusukuma muda aende akatazame tangi la saruji na wavu wa chuma likipigwa plasta. Wavu unazungushwa kwenye nondo, saruji inapakwa nje tabaka kwa tabaka, kisha fundi mmoja anaingia kwa kupitia tundu la juu na kupiga plasta ya ndani akiwa amejikunja, joto limejaa humo, mwenzake anampitishia karai. Akitoka uso wote ni wa kijivu. Baada ya hapo hakuna kupumzika, kwa sababu tangi bichi lazima lifunikwe magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku nyingi ili saruji ikomae. Ukiliacha lipigwe na jua litapasuka, na ufa hutauona mpaka mvua inyeshe.

Kichujio nacho kina mambo yake. Mchanga unachekechwa, unaoshwa, kisha fundi anatia konzi moja kwenye gilasi ya maji, anaitikisa na kuiinua kwenye mwanga. Maji yakiwa na tope anarudi kuosha. Yakiwa angavu kupita kiasi anajua ameosha mno, na mchanga wa namna hiyo unapitisha maji mbio bila kuyachuja sawasawa. Kikishajazwa, maji ya kiasi cha sentimita 5 lazima yabaki juu ya mchanga muda wote, kwa sababu ndiyo yanayolinda ule utando hai unaokula vijidudu, na utando huo unahitaji wiki tatu au nne kukua. Kama hujui hayo, umejenga ndoo ya mchanga tu.

Na mvua ipo. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji. Nyumba ya kawaida yenye paa la mita 40 za mraba, katika eneo linalopata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, inapitisha lita 40,000 juu ya vichwa vya waliolala ndani. Punguza zinazoruka na zile za kwanza zinazosafisha bati, ambazo hazifai kuingia tangini, bado unabaki na jerikeni zaidi ya elfu moja na mia tano. Mlangoni pako. Bila boda boda.

Hapohapo Katosi, Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka lina kiwanda chenye uwezo wa kusafisha lita milioni 160 kwa siku, na bomba lake kubwa linaelekea Kampala. Sisemi kisijengwe, Kampala ina kiu na watu wake ni wengi. Ila bomba halipandi kila kilima cha Mukono, na pale lisipofika, wa kumtegemea ni huyu mama mwenye mwiko.

Fedha zao nazo zina mzunguko wa kueleweka: mwanachama hapewi tangi bure, analilipia kidogo kidogo, na kinachorudi kinamsaidia mwenzake. Mfumo huu unasimama kwa pesa ya samaki. Tangu mwaka 2017, jeshi lilipopelekwa ziwani na mitumbwi ya chini ya futi 28 kupigwa marufuku, wengi wenye mitumbwi midogo walipoteza kipato, wanawake wakiwemo. (Hilo lina barua yake siku nyingine, nami nina mengi ya kusema.) Ndiyo sababu ya kuwatafutia mafundi hawa kazi nyingine ya kulipwa, nje ya wanachama wenzao. Kazi hiyo tayari ipo. Ipo kwenye shule, vituo vya afya na ofisi za kata kila wilaya.

Tatizo ni zabuni.

Katika shule moja, ambayo sitaitaja, nilikuwa kwenye kamati ya wazazi tulipojengewa tangi. Kontrakta alikuja na gari zuri na makaratasi yote. Gata, ule mfereji wa kukinga maji ya bati, aliifunga bila pimamaji, ikainamia upande usiokuwa na tangi, na mvua ya kwanza ikamwagika kwenye msingi wa darasa. Tangi lenyewe lilianza kutoa jasho kabla muhula haujaisha. Nilipouliza kwa nini vikundi vya mafundi wanawake havikualikwa, nikaambiwa havina makaratasi: hati ya kodi, dhamana ya zabuni, vielelezo vya mikataba iliyopita. Sasa mikataba iliyopita wataitoa wapi ikiwa kila mwaka wanakosa kwa sababu hawakuwa na mkataba mwaka uliotangulia?

Sheria ya ununuzi wa umma ilirekebishwa mwaka 2021 na kuruhusu zabuni kutengewa makundi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mlango umefunguliwa, ila kizingiti kimeachwa palepale kilipokuwa. Kwenye kamati za maji vijijini tumekubali, tena kwa miongozo ya wizara, kwamba nusu ya wajumbe wawe wanawake. Mama anakusanya michango, anatunza daftari, anamfuata fundi wa pampu ikikwama. Pesa ya ujenzi ikitoka tu, anarudishwa kuwa mnufaika, na ubao wa mfadhili unasimikwa mbele ya tangi bila jina la aliyelijenga.

Nasikia pia hoja kwamba vikundi hivi ni vidogo. Kwa bwawa au mradi wa bomba la wilaya nzima, nakubali. Tangi la shule ya msingi ni kazi ya kipimo chao kabisa. Wala siombi wapewe kwa huruma. Wakaguliwe kama kontrakta yeyote, tangi lijazwe na kuangaliwa kabla ya malipo ya mwisho, likivuja walirekebishe kwa gharama yao. Tena kule wilaya ya Gomba kuna wanawake wengine waliojifunza kufyatua matofali ya udongo na saruji kidogo kwa mashine ya mkono, yasiyochomwa kwa kuni, wakayajengea matangi. Hivyo mtu asije akaniambia Katosi ni kisa kimoja tu cha bahati.

Cheti cha ufundi kingesaidia pia. Nchi hii ina utaratibu wa kumpima fundi kwa anachoweza kufanya kwa mikono yake, hata kama hakupita chuoni. Wilaya ikiwalipia ada ya mtihani mafundi kumi, itakuwa imetumia sehemu ndogo sana ya gharama ya tangi moja bovu.

Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Naomba ukurasa wako uwape nafasi maofisa ununuzi wa wilaya wajibu hadharani: katika matangi ya shule na vituo vya afya yaliyojengwa mwaka huu unaoisha, mangapi yalijengwa na vikundi vya wanawake, na ni karatasi ipi iliyowazuia walioomba wakakosa?

Mfanyabiashara wa mukene,
Arua