Neema, usiache upasuaji

Dar es Salaam,
14 Agosti 2025

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na mama anakuulizia. Umeniuliza kama kuna haja ya kumaliza masomo ya upasuaji ilhali akili mnemba inakuja. Nimelifikiria sana swali lako.

Roboti ya upasuaji ya da Vinci, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000, haijiamulii kukata. Daktari anakaa pembeni, macho kwenye picha, na mikono yake ndiyo inayoiongoza ile ya chuma. Kilichokutisha ni habari za Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kule Baltimore. Mwaka 2022 walieleza jinsi roboti yao, STAR, ilivyounga utumbo wa nguruwe hai kwa kushona yenyewe. Mwezi uliopita wakaja na roboti nyingine, SRT-H. Hiyo imejifunza kwa kutazama video za madaktari wakitoa kibofu cha nyongo kwenye mizoga ya nguruwe, kila kazi ikiwa na maelezo yake. Kisha ikapewa vibofu 8. Ikatambua mrija wa nyongo na ateri, yaani mshipa wa damu, ikabana kwa klipu, ikakata, hatua 17, na kote ikamaliza. Watafiti walimwaga hata rangi mfano wa damu ili kubadilisha mwonekano wa nyama, nayo haikupotea. Ukiiambia kwa mdomo isogeze mkono wa kushoto, inasogeza, na sahihisho hilo inalichukua kama somo.

Nakiri ni kazi kubwa. Lakini ilikwenda polepole kuliko daktari, na ile ilikuwa nyama isiyo na uhai: haipumui, haivuji damu ghafla, hakuna presha inayoshuka mezani.

Tena angalia ujuzi wenyewe umetoka wapi. Umetoka kwenye mikono ya watu. Mashine hujifunza kwa mifano iliyooneshwa, na ukiipa mifano ya aina moja itazoea aina hiyo. Wewe umeniandikia kuhusu wagonjwa wanaofika wamechelewa, kibofu kimevimba na kugandamana na ini, mrija hauonekani mpaka uutenganishe taratibu kwa kidole. Hayo nani ataifundisha? Atakayeweza ni yule aliyeyafanya mara nyingi akiwa na mgonjwa hai mbele yake. Ukiacha sasa, video zitakazoifundisha zitakuwa za kwingine, halafu mashine italetwa kwa wagonjwa wako ikiwa haijawahi kuona hali zao. Hilo ndilo linaloniogopesha mimi, kuliko roboti kukunyang'anya kazi.

Kwa hiyo maliza, tafadhali. Na uulize idarani kwenu: kamera inapoingia tumboni mwa mgonjwa, picha zinahifadhiwa au zinafutwa? Mgonjwa anaombwa ridhaa zitumike kufundishia? Akikubali, nani anazimiliki? Niandikie watakavyokujibu.

Rafiki yako,
Rehema