Kwa mdogo wangu, kuhusu neno "mstaafu"

Mdogo wangu,

Hatujasemezana tangu arobaini ya baba mkubwa. Ulivyokuwa ukimnywesha uji kijiko kwa kijiko sitasahau, Mungu akulipe. Lakini na ile fomu ya hospitali uliyomjazia siisahau.

Sigara ulizijaza vizuri: pakiti ngapi, alianza lini, aliacha lini. Penye kazi ukaandika "mstaafu". Penye vumbi, "hakuna". Na unajua kuwa sigara haisababishi mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu iliyompata, inayoletwa hasa na vumbi la asbestosi! Ulimuuliza kama amewahi kufanya kazi na asbestosi, yale madini ya nyuzi ya kuzuia joto, akatikisa kichwa, kalamu ikapita. Jina hilo angelijulia wapi? Baharia wa chumba cha injini kama yeye anajua ule mfuniko mweupe wa mabomba ya mvuke, ambao ndio wenye asbestosi, unaovunjwa kwa nyundo bomba likivuja, kisha unga mpya unakorogwa na maji kwenye ndoo na kupakwa kwa mkono. Anajua gasketi, kile kizibo cha maungio ya mabomba, iliyoganda, inayokwanguliwa kwa brashi ya waya. Muulize hayo, atakujibu.

Toka vumbi la kwanza hadi ugonjwa, mara nyingi hupita miaka 20 hadi 50. Kwa hiyo usianzie kazi ya mwisho. Anza alipokuwa na miaka 14 au 15, uje mbele kazi moja moja, hata kibarua cha miezi miwili. Miaka ikimpotea, ishikize kwenye mambo ya nyumbani: alikuwa ameshaoa? Mtoto wa kwanza alikuwa anatambaa? Kwa kila kazi uliza alishika nini kwa mikono yake, na aliyekuwa karibu naye alikuwa akifanya nini. Hapo pa jirani ndipo wengi hupakosa. Mtia mafuta mitambo hakuvunja mfuniko, ila alisimama hatua mbili kutoka kwa aliyeuvunja, akavuta hewa ileile. Vumbi lilionekana likielea kwenye mwanga wa taa? Nani alifagia, na ufagio ulikuwa mkavu? Saa ngapi kwa siku, miezi mingapi? Mgonjwa akianza kuhema, funga daftari urudi kesho. Nusu saa yatosha.

Nilipomuuliza hayo mkasema namsumbua mzee. Mzee alikuwa akizitaja meli zake huku uso umemkunjuka, nawe ulikuwepo.

Vigezo vya Helsinki vya 1997, walivyokubaliana wataalamu wa maradhi ya asbestosi, viko wazi: kwa mesothelioma, hata kukaa muda mfupi kwenye vumbi hilo kazini kwatosha, mradi imepita miaka 10 tangu aanze. Basi "kidogo tu" si "hakuna". Na "haijulikani" nayo si "hakuna". Ungeandika hivyo nisingekuwa na neno. Skani ikionyesha mabaka magumu kwenye utando wa mapafu, yanayatia nguvu maelezo ya mgonjwa, yasipokuwepo, hayayafuti. Hata maabara ikikosa nyuzi kwenye pafu usiridhike, maana nyuzi za asbestosi nyeupe huondoka pafuni upesi kuliko za bluu na za kahawia.

Sasa hilo "hakuna" lako limenakiliwa kwenye kila karatasi iliyofuata. Mtu akifungua faili kutafuta kama ni maradhi ya kazi, anakutana na mstaafu mvuta sigara. Nisamehe, nimerudi kulekule.

Nakuomba jambo moja. Mama mkubwa yuko edani, na mimi si maharimu wake. Wewe mlango wake u wazi. Kaa naye, muulize nguo za kazi zilifuliwa na nani. Zilikung'utwa kwanza? Ndani au uani? Watoto walikuwa karibu? London mwaka 1965, watafiti Newhouse na Thompson walikuta wagonjwa wa mesothelioma ambao hawakukanyaga kiwanda cha asbestosi, ila waliishi na mtu aliyefanya kazi humo. Wengi wao walikuwa wake waliofua nguo za waume zao. Usimtie hofu, wengi waliofua nguo hizo hawaugui. Lakini majibu yake yaandikwe, na miaka yake, akiwa bado anakumbuka, na daktari wake ayajue.

Na kitabu cha ubaharia kiko chini ya zile kanzu, kwenye sanduku la bati. Kina jina la kila meli, cheo chake, tarehe ya kupanda na ya kushuka. Kitoe kabla sanduku halijagawiwa. Piga picha kila ukurasa, hata zenye mihuri tu, unitumie.