Nafasi mbili za marathoni tulizoziacha wazi Paris

Ndugu Mhariri,

Katika Olimpiki ya Paris 2024 Tanzania ilikuwa na wanamichezo 7. Wanne walikuwa wa marathoni: Alphonce Simbu na Gabriel Geay kwa wanaume, Magdalena Shauri na Jackline Sakilu kwa wanawake. Andrew Mlugu alikwenda kwa judo, Collins Saliboko na Sophia Latiff kwa kuogelea. Kanuni iliruhusu kila nchi kuingiza hadi wakimbiaji 3 wa kiume na 3 wa kike katika marathoni. Maana yake nafasi mbili ambazo tulikuwa na haki ya kuzigombea zilibaki bila mtu, na hakuna nchi iliyotunyang'anya.

Nayasema haya kwa sababu huku Nyanda za Juu Kusini kila Olimpiki inapomalizika huzuka manung'uniko yaleyale: tuna milima, tuna baridi, tuna vijana wanaokwenda shule kilometa kadhaa kwa miguu, lakini majina yanayotajwa ni ya Singida, Manyara na Arusha. Wengine husema ni upendeleo, wengine husema ni fedha. Fedha kweli ni tatizo. Ila kuna tatizo jingine lisilopigiwa kelele, nalo liko mikononi mwetu wenyewe: mbio nyingi zinazokimbiwa huku hazihesabiki popote, kwa hiyo mkimbiaji mzuri wa Makete au Mufindi hana karatasi ya kuonyesha kwamba ni mzuri.

Kwanza tuelewe mlango wenyewe ulivyo. Kwa Paris, kiwango cha kufuzu marathoni kilikuwa saa 2:08:10 kwa wanaume na saa 2:26:50 kwa wanawake, katika kipindi cha Novemba 1, 2022 hadi Aprili 30, 2024. Ni miezi 18, na mkimbiaji wa marathoni anayejitunza hakimbii zaidi ya mara mbili au tatu kwa mwaka, kwa hiyo majaribio ya kweli ni matatu au manne basi. Wakimbiaji walikuwa 80 kwa kila jinsia. Waliokosa kiwango waliweza kuingia kwa orodha ya ubora ya dunia, ambayo kwa marathoni huchukua wastani wa matokeo mawili bora ya mtu, ikijumlisha pointi za muda na pointi za nafasi aliyoshika.

Hapo ndipo penye faida ambayo wengi hawaioni. Kenya na Ethiopia wana wakimbiaji wengi mno waliovuka kiwango, lakini kila moja ilipeleka watatu tu. Mkenya wa saa 2:05 anaweza kuitazama Olimpiki kwenye televisheni nyumbani kwake Iten, na Mtanzania wa saa 2:08:00 akapanda ndege. Kijana wa Njombe anayetafuta kufuzu hashindani na Wakenya. Anashindana na saa, kisha na Watanzania wenzake wawili au watatu.

Saa hiyo si ya mchezo, tusidanganyane. Saa 2:08:10 ni dakika 3 na sekunde 2 kwa kila kilometa, mara 42. Kwa wanawake ni kama dakika 3 na sekunde 29. Uwanjani ni vivyo hivyo: mita 10,000 kwa wanaume ilitaka dakika 27:00, yaani sekunde 64.8 kwa kila mzunguko mara 25, na mita 5,000 ilitaka dakika 13:05. Kocha anayemwambia kijana "umeiva" bila kumpima kwa namba hizi anampotezea miaka.

Na hapa milima inatugeuka. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa inapita 1,500, Njombe inakaribia 2,000 na Kitulo iko juu ya 2,500. Hewa nyepesi huufanya mwili uongeze chembe nyekundu za damu, jambo zuri kwa mazoezi, lakini siku ya mashindano hewa hiyohiyo humnyima mkimbiaji oksijeni. Katika mbio za mita 5,000 na 10,000 mtu hupoteza sekunde moja hadi mbili kwa kila mzunguko. Hakuna atakayekimbia saa 2:08 Mbeya, hata barabara ikiwa safi namna gani. Watu hujifua juu na kwenda kukimbia chini. Rekodi ya taifa ya Geay ya saa 2:03:00 aliiweka Valencia mwaka 2022, mji ulio kando ya bahari, na Shauri alikimbia saa 2:18:41 Berlin mwaka 2023, kwenye barabara tambarare.

Basi mbio za huku zina kazi gani? Ni kumpa mkimbiaji muda wa kilometa 10 au nusu marathoni ambao mwandaaji wa mbio za nje ataukubali anapoamua nani aalikwe, na kumpa pointi za orodha ya dunia. Ili muda huo ukubalike, njia lazima iwe imepimwa na mpimaji anayetambuliwa na Shirikisho la Riadha la Dunia, na mbio ziwe zimeorodheshwa kwenye kalenda ya shirikisho hilo kabla ya siku yake, kupitia Riadha Tanzania, shirikisho la riadha la nchi yetu. Kuomba baada ya mbio kwisha ni kazi bure.

Upimaji wenyewe hauhitaji mitambo ya ajabu. Ni baiskeli yenye kaunta ya Jones kwenye gurudumu la mbele, inayohesabu mizunguko ya gurudumu kwa vipande vidogo. Mpimaji hupima kwa utepe wa chuma kipande cha barabara iliyonyooka, kisichopungua mita 300, hukipita mara nne kabla ya kazi na mara nne baada ya kazi, ndipo anajua kaunta inasoma hesabu ngapi kwa kilometa moja. Kisha huongeza sehemu moja kwa elfu ili njia isije ikatoka fupi, yaani mita 42 kwenye marathoni. Mara nne za baada ya kazi si urembo. Kwa baridi yetu ya Juni, tairi la alfajiri ni dogo kuliko tairi la saa saba mchana. Ukipata hesabu yako mchana wa joto kisha ukapima njia alfajiri bila kurudia, gurudumu lililosinyaa litamaliza hesabu mapema na njia itakuwa fupi bila wewe kujua.

Wengi hutumia kilometa za gari au saa ya mkononi yenye GPS. Saa hizo huyumba kidogo kushoto na kulia, hasa kwenye kona na chini ya miti, na yale mayumbo yote hujumlishwa kuwa umbali. Saa ikisema 21.1, miguu mara nyingi imekimbia pungufu. Nusu marathoni iliyopungua mita 200 inampa mkimbiaji wa kasi ya Olimpiki zawadi ya sekunde 36 ambazo hakuzitafuta. Akifika kwenye njia halali, watu hushangaa amechoka nini.

Kosa la pili hutokea siku yenyewe. Mpimaji hupita njia fupi kabisa inayowezekana, sentimeta 30 kutoka ukingo wa kona. Kama alipima barabara ikiwa imegawanywa kwa koni upande mmoja kwa sababu ya malori ya Tunduma, halafu siku ya mbio askari wakafungua barabara nzima, wakimbiaji watakata kona na cheti cha njia hakitakuwa na maana. Ramani yenye sehemu za koni iwe mkononi mwa msimamizi wa njia saa kumi na moja alfajiri, siyo kwenye simu ya mtu aliyeko jukwaani na wageni waalikwa. Cheti kikishatolewa hudumu miaka 5, mradi njia haijabadilishwa, kwa hiyo gharama ya mpimaji hugawanyika kwa mbio tano za kila mwaka. Ukilinganisha na fedha inayokwenda kwenye fulana na jukwaa la muziki, ni ndogo.

Mteremko nao una sheria. Kwa rekodi, njia haitakiwi kushuka zaidi ya mita 1 kwa kila kilometa kati ya mwanzo na mwisho: mita 42 kwa marathoni, mita 10 kwa kilometa 10. Wanaoota marathoni ya kutoka Tukuyu kuteremka Kyela, au kushuka Kitonga, waandae tu kwa ajili ya watalii na picha, maana huko kushuka ni mamia ya mita. Dawa rahisi ni kuanzia na kumalizia mahali pamoja. Ukitoka Uwanja wa Sokoine hapa Mbeya na kurudi Sokoine, au Uwanja wa Samora kule Iringa na kurudi Samora, mteremko wote unajifuta.

Kuhusu muda, chipu za viatuni zinasaidia kupanga matokeo, lakini muda rasmi unahesabiwa tangu mlio wa kuanzia, si tangu mtu alipovuka mstari. Wakimbiaji wenye kasi wapangwe mbele. Mara ngapi tumeona mstari wa mbele umejaa viongozi wa kilometa 5 wenye fulana mpya!

Kwa viwanja vya nyasi vya shule zetu, ambako vijana wa UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, huonekana mara ya kwanza, naomba walimu waangalie jambo moja. Uwanja wa mita 400 una nyoofu mbili za mita 84.39 na kona zenye nusu kipenyo cha mita 36.50, ikiwa kuna ukingo ulioinuka. Mduara hupimwa sentimeta 30 kutoka ukingo huo. Pasipo ukingo, penye mstari wa chokaa tu, hupimwa sentimeta 20, kwa hiyo nusu kipenyo cha mstari kiwe mita 36.60. Ukisahau zile sentimeta 10, kila mzunguko unapungua sentimeta 63, na kwenye mita 10,000 umeiba karibu mita 16. Muda wa saa ya kubonyeza kwa kidole katika mbio fupi haupokelewi kabisa kwa kufuzu, na mita 100, 200 na miruko ya mbele huhitaji kipima upepo, na upepo wa kusukuma usizidi mita 2.0 kwa sekunde. Ndiyo maana nasema barabara ndiyo njia yetu ya karibu: haidai tatani, ile sakafu ya mpira ya uwanjani, wala kamera ya mstarini.

Michezo mingine ina milango yake, na haifanani. Kwenye judo, Paris ilichukua 17 wa juu wa kila uzito katika orodha ya dunia, mmoja kwa kila nchi, kisha ndipo zikaja nafasi za mabara. Bila kusafiri kutafuta pointi huwezi kuwamo. Kwenye ngumi njia ilipita Dakar Septemba 2023, kisha Busto Arsizio kule Italia, na mwisho Bangkok. Wanaume walikuwa na uzito 7 tu, na kati ya kilo 57 na 63.5 hapakuwa na kitu, kwa hiyo bondia wetu wa kilo 60 alilazimika kuchagua kukonda au kunenepa mapema. Kuogelea hupokea muda wa bwawa la mita 50 peke yake. Bwawa la hoteli halisaidii. Soka la wanawake Afrika ilikuwa na nafasi 2, zikaenda Nigeria na Zambia, na Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walitolewa na Afrika Kusini. Kuna pia nafasi za mwaliko: kwa Paris zilihusu nchi ambazo wastani wa wanamichezo wao katika michezo ya mtu mmojammoja, kwa Olimpiki mbili zilizotangulia, haukuzidi 8. Sisi tulikuwa na 7 Rio na 3 Tokyo. Ni msaada halali na sioni aibu ndani yake, ila mkoa hauwezi kupanga mazoezi kwa kusubiri barua ya mwaliko.

Jambo la mwisho ni makaratasi, nalo huangusha watu waliokwisha kushinda. Jina la cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA, pasipoti na fomu ya mbio liwe moja, herufi kwa herufi. Mkimbiaji aliyeandikwa majina mawili Iringa na matatu Dar es Salaam anaweza kuonekana kwenye orodha ya dunia kama watu wawili, kila mmoja na nusu ya pointi. Viza ya Ulaya, nchi za Schengen, huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, na kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800, kwa hiyo anayeanza kutafuta pasipoti baada ya kupata mwaliko wa Desemba ameshachelewa. Na kabla ya kumeza kidonge chochote cha kifua au mzio siku za mashindano, amwambie daktari kwamba yeye ni mwanariadha: prednisoloni, ambayo hutolewa kwenye zahanati nyingi kama kitu cha kawaida, imekatazwa wakati wa mashindano, na kwenye chumba cha vipimo "nilipewa na nesi" haipokelewi kama utetezi.

Olimpiki ya Los Angeles itafunguliwa Julai 14, 2028. Mbio za barabarani za mikoa yetu zitakazokimbiwa kabla ya hapo bado zinaweza kupimwa, na waandaaji wanaohitaji mpimaji waanze kwa kuandika Riadha Tanzania, wakiambatanisha ramani ya njia na tarehe.

Mwalimu wa riadha,
Uyole, Mbeya